Nyumba ya Wote: siku kwa siku katika ujenzi wa Plymouth, 1620–1621

Ikitajwa Mayflower, meli iliyowapeleka walowezi wa Kiingereza Amerika ya Kaskazini, wengi hukumbuka jabali la Plymouth, makazi waliyoyaanzisha huko. Jabali hilo tuliache. Hakuna abiria aliyeandika kwamba alilikanyaga, na habari zake zilianza kusimuliwa mwaka 1741. Walichoandika abiria wenyewe, tena kwa tarehe, ni ujenzi wa Nyumba ya Wote, nyumba moja ya futi 20 kwa 20, kama mita 6 kila upande, iliyokuwa jengo la kwanza la umma katika makazi yao. Ilikuwa bohari, bweni, wodi, ghala la baruti na mahali pa ibada, yote katika chumba kimoja chini ya paa la nyasi.

Tarehe zote humu ni za kalenda ya kale ya Kiingereza, iliyokuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 10. Kwa Waingereza wa wakati ule mwaka mpya ulianza 25 Machi, kwa hiyo ukikuta hati ya Januari imeandikwa 1620, mwandishi hajakosea.

Kabla ya kufika

Meli iliondoka Plymouth ya Uingereza tarehe 6 Septemba ikiwa na abiria 102, na tarehe 11 Novemba ikatia nanga ndani ya ghuba ya Cape Cod, rasi ya pwani ya Amerika. Hapo ulipotea mwezi mzima, na chanzo kimoja ni mashua. Walikuwa wamebeba mashua kubwa ya kuchunguzia pwani, lakini ili itoshe chini ya sitaha ilibidi ikatwe vipande. Njiani watu waliigeuza kitanda, na uzito wao ukaachanisha mbao zake. Seremala alihitaji zaidi ya wiki mbili kuiunga na kuiziba. Wakati huo wote watu walichunguza nchi kavu kwa miguu, na baridi ilizidi kukaza. Ukitaka kujua kwa nini nyumba ya kwanza ilianza kujengwa katikati ya Desemba badala ya Oktoba, anzia hapo, na kwenye safari yenyewe iliyochelewa kuondoka Uingereza.

Jumatatu, 11 Desemba

Kikosi cha wachunguzi, kilichokuwa kimevunjikiwa usukani na mlingoti kwenye dhoruba siku tatu nyuma, kilipima kina cha bandari kwa bildi na kuona inaingilika kwa meli. Kisha wakashuka bara. Walikuta mashamba ya mahindi yaliyokwisha kufyekwa na vijito vya maji matamu.

Mashamba yale yalikuwa na wenyewe. Hapo palikuwa kijiji cha Patuxet cha Wawampanoag, kabila la wenyeji, na wakazi wake waliangamizwa na maradhi yaliyoingia pwani hiyo kati ya 1616 na 1619. Kwa mjenzi, jambo hili lina maana ya moja kwa moja: ardhi ilikuwa wazi tayari, hakuna visiki vya kung'oa, na udongo ulishalimwa. Wageni walijenga juu ya jasho la marehemu.

Jumamosi, 16 Desemba

Mayflower iliingia ghubani. Bandari ni pana lakini ina kina kifupi, basi meli ilisimama kama maili moja na nusu kutoka ufukoni. Umbali huo ndio uliotawala kila kitu kilichofuata. Kila shoka, pipa la unga na mgonjwa ilibidi apite kwenye mashua, na mashua ilisubiri maji yajae. Maji yakipwa, wafanyakazi hawashuki. Yakijaa usiku, siku imekwenda bure.

Jumatatu hadi Jumatano, 18–20 Desemba

Walizunguka siku tatu kutafuta kiwanja. Sehemu moja ilikuwa juu ya mto walioupa jina la nahodha wao, Jones. Ilipendeza, lakini ilikuwa mbali na uvuvi, tena imefunikwa na msitu, na watu wachache wangezingirwa kirahisi. Nyingine ilikuwa kisiwa ghubani: salama kwa ulinzi, ila kidogo, na maji yake hayakutegemewa wakati wa kiangazi. Jumatano walipiga kura wakachagua mwinuko wa bara penye yale mashamba.

Sababu walizotoa ni za watu waliopima. Kuna kijito kizuri chini ya kilima na chemchemi nyingi. Mashua zinapata mahali pa kukaa. Nyuma yake kuna kilima kikubwa cha kuweka mizinga, kinachoona ghuba yote na bahari ya mbali. Kasoro waliyoitaja ni moja: kuni na miti ya kujengea iko umbali wa nusu ya robo ya maili, yaani kama mita 200.

Mita 200 ni kidogo kwa mtu asiye na mzigo. Mwaloni mbichi una uzito wa takriban kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Nguzo moja ya sentimita 20 kwa 20 yenye urefu wa mita 3 inafika kilo 120. Hawakuwa na ng'ombe wala farasi wa kukokota, kwani ng'ombe wa kwanza waliletwa huko mwaka 1624. Kwa hiyo nguzo moja ni watu wanne, na watu wanne wale wale wanarudi kuchukua nyingine. Mbele ya kasoro hiyo walichagua vizuri hata hivyo, maana maji na ulinzi havibebeki mabegani.

Watu kama 20 walibaki ufukoni usiku ule ili waanze kazi alfajiri.

Alhamisi na Ijumaa, 21–22 Desemba

Dhoruba. Waliobaki bara walilowa chapachapa, maana hawakuwahi hata kujenga kibanda cha lindo. Mashua iliwapelekea chakula ikashindwa kurudi, na meli ilibidi ishikwe na nanga tatu. Ijumaa hali ikawa ile ile: hakuna aliyeshuka wala aliyepanda. Ndani ya meli Mary Allerton alijifungua mtoto mfu.

Jumamosi, 23 Desemba

Waliweza kushuka, wakaanza kukata miti na kuibeba hadi kiwanjani. Mwaloni hukatwa na kufanyiwa kazi ukiwa mbichi, na si kwa haraka ya shida tu. Ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha kukataa patasi. Ukiwa mbichi unachongeka, na baadaye unaponywea ndivyo viungo vinavyojibana. Kinachotakiwa kuwa kikavu ni vigingi vya kushikilia viungo. Kigingi kibichi kikinywea ndani ya tundu kitalegea, na fremu nzima itacheza kila upepo unapovuma. Fundi mwangalifu huchonga vigingi mapema na kuviweka karibu na moto.

Jumapili walipumzika, kama dini yao ilivyowaamuru. Ratiba yao ilikuwa ya siku sita kwa wiki, na mvua ilikuwa ikichukua zake humo humo.

Jumatatu, 25 Desemba

Siku hii ndiyo Nyumba ya Wote ilianza kusimamishwa. Kundi hili halikusherehekea Krismasi, hivyo ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Kumbukumbu ya siku inawagawa kwa kazi nne: wa kuangusha miti, wa kupasua kwa msumeno, wa kupasua kwa kabari, na wa kubeba, na kwamba hakuna aliyepumzika kutwa nzima.

Kazi ya msumeno ni ya watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwingine chini, anayekula vumbi. Inatoa mbao iliyonyooka lakini ni ya polepole, na msumeno lazima unolewe mara kwa mara.

Kazi ya kabari ndiyo iliyookoa muda. Unachagua gogo lisilo na vifundo, unalikata kwa urefu wa ubao unaoutaka, tuseme futi 4 au 5. Unagonga kabari ya chuma kwenye kichwa cha gogo, katikati kabisa, na kuufuata ufa unavyotembea kwa kabari nyingine. Nusu unaipasua robo, robo unaipasua tena kuelekea kiini, kila mara katikati, ili pande mbili ziwe na unene sawa. Upande mmoja ukiwa mwembamba, ufa unakimbilia huko na ubao unatoka umechongoka upande mmoja. Vipande vya mwisho vinapasuliwa kwa kisu kinene chenye mpini uliosimama wima, kinachopigwa kwa rungu na kutikiswa kama wenzo. Ubao unaopatikana umefuata nyuzi za mti wenyewe, kwa hiyo maji hayapenyi kirahisi kama kwenye ubao wa msumeno uliokata nyuzi hizo. Kinachoharibu kazi hii ni mti uliojisokota. Kwa nje utaona gome limepinda taratibu kuzunguka shina, na mti wa namna hiyo ukiupasua utapata mbao zilizopinda kama parapela, hazifai ila kuni.

Fremu haikuhitaji misumari. Ncha ya boriti inachongwa ulimi, nguzo inatobolewa tundu kwa kekee na kusafishwa kwa patasi, ulimi unaingia, kisha kigingi kinapita katikati. Siri ndogo ya mafundi ni kutoboa tundu la kigingi kwenye ulimi karibu kidogo na bega lake kuliko lile la kwenye nguzo. Kigingi kikigongwa kinavuta viungo viwili vikutane. Ukizidisha tofauti hiyo, kigingi kinavunjika ndani na huwezi kukitoa.

Jioni kulisikika kelele walizodhani ni za wenyeji, wakakimbilia bunduki, wasione mtu. Watu kama 20 walilala kwenye lindo. Melini, akiba ya bia ilikuwa inapungua na abiria walianza siku hiyo kunywa maji, ingawa usiku nahodha aliwapa bia kidogo.

Jumanne hadi Jumamosi, 26–30 Desemba

Jumanne mvua. Jumatano kazi. Alhamisi baadhi walipanda kilimani kuandaa jukwaa la mizinga, na mchana wakapima viwanja. Wanaume wasio na wake waliunganishwa na familia zilizokuwapo ili nyumba zipungue, zikapatikana familia 19. Kila mtu alihesabiwa nusu ya pole kwa upana na pole tatu kwa urefu. Pole ni futi 16 na nusu, kwa hiyo kila kichwa kilipata mita 2.5 kwa 15. Familia ya watu sita ilipata mita 15 kwa 15. Nani akae wapi iliamuliwa kwa kura. Viwanja vilifanywa vidogo makusudi, kwa sababu ya uzio: kadiri mji unavyotanuka ndivyo ukuta wa kuulinda unavyohitaji miti mingi zaidi, na hao waliokuwa na nguvu ya kubeba miti walikuwa wanapungua kila wiki.

Ijumaa na Jumamosi, mvua na baridi. Waliona moshi mkubwa mbali.

Jumatatu hadi Jumatatu, 1–8 Januari

Kazi iliendelea, na malalamiko yakawa yale yale ya maji: meli iko mbali, wanasubiri kujaa, wanachelewa kuanza, wanalazimika kuondoka mapema. Tarehe 3 waliotumwa kukata nyasi za kuezekea waliona mioto ya wenyeji. Tarehe 4 Myles Standish, mwanajeshi wao, akaenda na wachache kutafuta watu, akakuta vibanda visivyokaliwa karibuni. Tarehe 8 mashua ilirudi na sili watatu na chewa mmoja mnono. Bahari ilijaa samaki, ila walikosa ndoana ndogo. Wamesafiri maili 3,000 kwenda kuishi kwa uvuvi bila ndoana za kufaa; hapo mtu anaweza kuuliza maswali kuhusu waliopanga mizigo.

Jumanne, 9 Januari

Leo ndipo tunapopata kipimo cha jengo: Nyumba ya Wote inakaribia kwisha, ina futi 20 kwa 20, imebaki kuezekwa tu. Fremu na sehemu kubwa ya kuta, basi, zilichukua wiki mbili, na katika wiki hizo siku kadhaa zilipotea kwa mvua.

Siku hiyo hiyo waliamua kwamba kuanzia sasa kila mtu ajenge nyumba yake mwenyewe, kwa sababu watu watakimbilia kazi zaidi kuliko wakifanya kwa pamoja. Angalia walipoamua: baada ya jengo la pamoja kusimama. Ni uamuzi wa busara. Nyumba ya kwanza inahitaji mikono yote, maana bila hiyo hakuna pa kulala wakati wa kujenga ya pili. Baada ya hapo mikono yote mahali pamoja inagongana.

Waligawana: wengine wakoroge udongo, wengine wakate nyasi.

Msomaji anayeijua nyumba ya miti na udongo atatambua kazi ya kukandika: fito zinasukwa kati ya nguzo, udongo wa mfinyanzi unachanganywa na nyasi zilizokatwakatwa na mchanga, unakanyagwa hadi ushikamane, unapigwa pande zote mbili kwa wakati mmoja ili ukutane katikati ya fito. Shida ya Plymouth ni barafu. Udongo uliolowa ukigandishwa kabla ya kukauka, maji yaliyomo yanatanuka, na siku jua likitoka ukuta unabanduka magamba. Dawa ni kukandika tabaka jembamba, kusubiri, na kuwasha moto ndani. Moto huo tutaukuta tena mbele.

Kuhusu paa, fanya hesabu. Chumba cha mita 6 kwa 6 chenye paa la pande mbili, mteremko usiopungua digrii 45, na ukingo wa kutoka nje kidogo, kina eneo la kuezeka la karibu mita za mraba 60. Paa la matete la unene wa sentimita 30 hula mafungu 8 hadi 10 kwa kila mita ya mraba, fungu likiwa na mzingo wa kama sentimita 60. Ni mafungu 500 hadi 600: kukatwa kinamasini kwenye maji baridi, kufungwa, kubebwa, kupandishwa. Mteremko hauwezi kupunguzwa ili kuokoa nyasi, maana paa lililolala hunywa maji na kuoza. Safu ya kwanza huanza kwenye ukingo wa chini, shina la nyasi likiangalia chini, kila safu inayofuata ikifunika vifungo vya ile iliyotangulia, na kubanwa kwa fito ndefu zilizofungwa kwenye makombamoyo. Nyasi zenye barafu hazibaniki vizuri. Zikiyeyuka zinasinyaa na fungu linalegea.

Kwa siku nne waliezeka nusu. Wenyewe waliandika kwamba msimu ule ilikuwa nadra kupata nusu ya wiki ya kazi.

Alhamisi na Ijumaa, 11–12 Januari

Alhamisi William Bradford, mmoja wa abiria, akiwa kazini, alishikwa ghafla na maumivu makali ya nyonga, wakadhani atakata roho pale pale. Alilazwa katika Nyumba ya Wote, ambayo nusu yake bado ilikuwa wazi.

Ijumaa wanne walikuwa wakikata nyasi tangu asubuhi. Wawili, John Goodman na Peter Browne, waliwaacha wenzao wakifunga mafungu na kwenda mbele kidogo wakiwa na mbwa wawili. Mbwa walimkimbiza mnyama wa jamii ya paa, nao wakawafuata, wakapotea. Walilala msituni kwenye barafu bila chakula wala silaha isipokuwa mundu wa kukatia nyasi, wakizunguka mti usiku kucha wasigande. Walirudi Jumamosi jioni, na viatu vya Goodman ilibidi vikatwe kwa jinsi miguu ilivyovimba. Kwa ujenzi, hasara ni siku mbili za karibu kila mtu mzima, maana watu zaidi ya kumi walitumwa kuwatafuta.

Jumapili, 14 Januari

Saa kumi na mbili asubuhi, upepo ukivuma kwa nguvu, waliokuwa melini waliona paa la Nyumba ya Wote linawaka. Walikuwa hawajasikia kwamba wale wawili wamerudi, hivyo wazo la kwanza lilikuwa shambulio. Walitaka kushuka mara moja, lakini maji yalikuwa yamepwa. Walisubiri robo tatu ya saa wakitazama.

Chanzo kilikuwa cheche iliyorukia kwenye nyasi. Ezeko lote likateketea kwa mara moja. Fremu ya paa ikabaki imesimama.

Tulitazame jambo hili kama mafundi. Ezeko jipya ni jepesi kushika moto kuliko la zamani, kwa sababu uso wake haujashikana, bado una manyoya ya nyasi yaliyosimama, na upepo unapita ndani yake. Ndani kuna moto unaowashwa mchana na usiku kwa ajili ya wagonjwa na kuta mbichi. Upepo mkali unavuta moshi na cheche juu. Kwa upande mwingine, kilichoiokoa fremu ni kasi ya moto huo huo pamoja na ubichi wa mwaloni. Nyasi zinawaka na kwisha kabla boriti yenye maji ndani haijashika. Kama wangetumia mbao kavu, asubuhi ile wangekuwa wanaanza upya kutoka kwenye nguzo.

Na ndani kulikuwa na nini? Vitanda vimepangwa kimoja kando ya kingine hadi nafasi ikaisha. Eneo lote la sakafu ni mita za mraba 37, na ukigawa kwa watu 20, kila mmoja anapata chini ya mita za mraba mbili, pamoja na silaha na mizigo yake. Bunduki zilikuwa zimeshindiliwa risasi. Baruti ilikuwa humo humo. Gavana John Carver na Bradford walikuwa wamelala wagonjwa, na kama wasingeamka upesi wangelipuliwa. Hakuna aliyekufa. Mali zilizoungua zaidi zilikuwa za hao wawili.

Moto na baruti chini ya nyasi ni kosa la mpangilio, na halikutokana na ujinga. Walikuwa na chumba kimoja. Kila kitu kisichotakiwa kulowa kiliingia humo.

Ilikuwa imepangwa kwamba siku hiyo ibada ifanyike bara kwa mara ya kwanza. Ikaahirishwa.

Jumatatu hadi Jumapili, 15–21 Januari

Jumatatu mvua kubwa. Jumanne hadi Alhamisi jua zuri, kazi ikasonga. Ijumaa waliamua kujenga banda la kuwekea chakula cha wote, na Jumamosi likawa tayari. Hawakuandika kama moto ndio uliowasukuma, lakini siku tano baada ya ajali bohari linaanza kutenganishwa na bweni, na mtu yeyote aliyewahi kuungua angefanya hivyo hivyo.

Jumapili tarehe 21 waliabudu bara, na Nyumba ya Wote ikapata kazi yake ya tano.

22 Januari hadi 9 Februari

Mapipa ya unga yalipandishwa hadi bohari. Kadiri mizigo ilivyoshushwa ndivyo meli ilivyokuwa nyepesi, na tarehe 4 Februari upepo ulikaribia kuiangamiza kwa kukosa uzito tumboni. Ijumaa tarehe 9 kibanda cha wagonjwa, jengo jingine la wote, kilishika moto paani kwa cheche. Ni kosa lile lile, wiki nne baadaye. Safari hii madhara hayakuwa makubwa.

Vifo ndivyo vilivyobadilisha hesabu ya kazi. Desemba walikufa 6, Januari 8, Februari 17, Machi 13. Kuna wakati waliobaki na afya walikuwa sita au saba tu, miongoni mwao Standish na mzee wa kanisa William Brewster, ambao waliwapikia wagonjwa, wakawafulia na kuwaletea kuni. Nyumba binafsi zilizopangwa kwa familia 19 hazikuwa tena na familia 19 za kuzijenga.

21 Februari hadi 21 Machi

Tarehe 21 Februari mabaharia walisaidia kuburura mizinga hadi jukwaa la kilimani. Ijumaa 16 Machi mwenyeji mmoja, Samoset, alitembea peke yake kati ya nyumba akaelekea moja kwa moja kwenye Nyumba ya Wote, akawasalimu kwa Kiingereza alichojifunza kwa wavuvi. Walimzuia mlangoni asiingie. Ndani kulikuwa na siri moja tu ya maana, nayo ilikuwa idadi ya wagonjwa.

Jumatano 21 Machi abiria wa mwisho walishushwa kutoka melini. Kesho yake alikuja Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, na mapatano yakafanyika katika nyumba ambayo bado ilikuwa inajengwa, wakimtandikia zulia la kijani na mito mitatu au minne.

Baada ya meli kuondoka

Mayflower ilirudi Uingereza tarehe 5 Aprili 1621. Hadi Desemba ya mwaka huo walikuwa na nyumba saba za kuishi na nne za matumizi ya wote. Edward Winslow, mmoja wa walowezi, aliwaandikia waliotaka kuwafuata walete karatasi na mafuta ya kitani kwa ajili ya madirisha, maana kioo hakikuwapo na karatasi iliyopakwa mafuta inapitisha mwanga bila kupitisha mvua.

Mwaka 1622 walijenga ngome kilimani, na ibada pamoja na mikutano vikahamia huko. Mgeni Mholanzi aliyeiona mwaka 1627 aliieleza kuwa nyumba kubwa ya mraba ya mbao nene zilizopasuliwa kwa msumeno, iliyoshikiliwa na boriti za mwaloni, yenye paa bapa, mizinga sita juu na kanisa chini. Linganisha na chumba cha kwanza: mbao mahali pa fito na udongo, na hakuna unyasi.

Tarehe 5 Novemba 1623 mabaharia waliokuwa wakistarehe waliwasha moto mkubwa usiku wa baridi. Moto ukapita bomba la moshi hadi kwenye ezeko, na nyumba tatu au nne zikateketea pamoja na chakula kilichokuwamo. Nyumba ulikoanzia ilikuwa mkabala na bohari, na bohari liliokolewa kwa taabu kubwa.

Amri ilikuja mwaka 1627: nyumba ya kuishi isiezekwe tena kwa majani wala matete, bali kwa mbao. Ilihusu zile zitakazojengwa upya mjini. Zilizokuwa na nyasi ziliruhusiwa kubaki nazo.